Kuyeyusha na kuvunja lithiamu kaboneti kwa joto: mwongozo kamili kwa maabara za shule za Kigoma

Mwanafunzi wa kidato cha tano akiulizwa kuhusu kaboneti za kundi la kwanza hujibu haraka: zote hustahimili joto isipokuwa ya lithiamu, ambayo huvunjika ikawa oksaidi na hewa ya ukaa. Jibu ni sahihi na alama atapata. Kazi ngumu ni kulionyesha mezani. Mwalimu anaweka unga mweupe kwenye kikombe cha kauri, anawasha kichomeo, unga umetulia tu. Anaongeza moto, unga unayeyuka, mapovu yanatoka, na darasa zima linaandika kwamba limeona lithiamu kaboneti ikivunjika. Mara nyingi walichokiona ni lithiamu kaboneti ikila kikombe.

Mwongozo huu nauandika kwa walimu na mafundi maabara wa mkoa wetu, kuanzia Ujiji na Mwanga hadi Kasulu na Kibondo, wenye mtungi wa gesi, mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, na mhunzi wa jirani anayejua moto wa mkaa kuliko sisi sote. Tanuri la umeme la maabara ukilipata ni heri, lakini kazi hii inaweza kufanyika bila hilo. Na sisi wa Kigoma tuna sababu ya pekee ya kuijua chumvi hii. Ng'ambo ya ziwa, katika jimbo la Tanganyika la Kongo ambalo makao yake makuu ni Kalemie, kuna Manono, mojawapo ya akiba kubwa za madini ya lithiamu zinazojulikana duniani. Madini yale, yaitwayo spodumeni, yakishachakatwa huuzwa viwandani zaidi kama kaboneti au haidroksaidi. Mtoto anayesoma kwenye mwambao huu anastahili kuijua kwa kuiona, si kwa kukariri.

Namba za kushika kabla ya kuwasha moto

Lithiamu kaboneti huyeyuka karibu nyuzi 723 za Selsiasi. Sodiamu kaboneti huyeyuka kwenye 851, na potasiamu kaboneti karibu 890 na ushei. Kwa hiyo ya lithiamu ndiyo inayotangulia kuyeyuka kati ya hizo tatu, na ndiyo pia inayotangulia kuvunjika. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kosa la kwanza la wengi ni kuyachanganya.

Kuyeyuka kuna nyuzi zake maalumu. Kuvunjika hakuna. Kwenye mlingano Li2CO3 → Li2O + CO2 mshale una njia mbili: hewa ya ukaa inayotoka inaweza kurudi na kuungana tena na oksaidi. Kila joto lina kanieneo yake (yaani mgandamizo) ya hewa ya ukaa ambapo kutoka na kurudi hulingana, hali iitwayo msawazo. Kwa lithiamu kaboneti, kanieneo hiyo ni ndogo sana pale inapoyeyuka, halafu hupanda kadiri joto linavyopanda, mpaka inafikia kanieneo moja ya angahewa karibu nyuzi 1300. Kwa kalsiamu kaboneti, yaani mawe ya chokaa, hatua hiyo hufikiwa karibu nyuzi 900, na ndiyo maana wachoma chokaa wanafanikiwa kwa kuni.

Hapa ndipo majedwali yanapowavuruga wanafunzi. Kitabu kimoja kinaandika kwamba lithiamu kaboneti huvunjika kuanzia karibu nyuzi 730, kingine kinaandika 1300, na mwanafunzi anadhani mmoja wa waandishi kakosea. Wote wako sawa. Wa kwanza anazungumzia kuanza, pale hewa safi inapopita juu ya myeyuko na kuondoa hewa ya ukaa kila inapotoka. Wa pili anazungumzia chumvi iliyozungukwa na hewa ya ukaa tupu. Kabla ya kuuliza inavunjika nyuzi ngapi, mfundishe mwanafunzi kuuliza: hewa ya ukaa inaondolewa na nani, na chombo ni cha nini?

Sababu ya lithiamu kutofautiana na ndugu zake iko kwenye udogo wa ayoni yake, yaani chembe yake yenye chaji. Nusu kipenyo cha ayoni ya lithiamu ni kama pikomita 76, cha sodiamu ni 102. Chaji ileile ikikaa mahali padogo huvuta kwa nguvu wingu la elektroni la kaboneti iliyo jirani na kulidhoofisha. Tena oksaidi inayopatikana hufungamana vizuri sana na ayoni ndogo. Hata hivyo msimwambie mwanafunzi kwamba lithiamu kaboneti ni dhaifu. Kuivunja moli moja kunahitaji takriban kilojuli 224, wakati kalsiamu kaboneti inahitaji 178. Ni dhaifu ikilinganishwa na sodiamu na potasiamu tu. Ukiiweka kando ya kaboneti ya shaba au ya zinki, zinazovunjika kwa moto wa kawaida wa maabara, ni sugu kabisa.

Namba ya mwisho ni ya mizani. Moli moja ya lithiamu kaboneti ina gramu 73.89, na kati ya hizo gramu 44.01 ni hewa ya ukaa. Ikivunjika yote, inapoteza asilimia 59.6 ya uzito wake. Ukianza na gramu 2.00 unatakiwa kubaki na gramu 0.81 za oksaidi. Namba hii iandikwe ubaoni tangu mwanzo, kwa sababu ndiyo itakayotuhukumu mwishoni.

Usalama, na nasema kwa uzito wote

Lithiamu kaboneti ni dawa ya hospitali kwa watu wenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, na kiwango cha damuni kinachotibu hakiko mbali na kinachodhuru. Kwa hiyo unga huu usionjwe, usipeperushwe, na chakula kisiingie chumbani. Mwalimu au mwanafunzi mjamzito asiushike. Usinunue vidonge vya dawa kwa ajili ya jaribio. Vina viambato vingine, na kuna mgonjwa anayevihitaji. Nunua kemikali ya maabara kwa muuzaji aliyesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Betri ya simu isipasuliwe kwa kisingizio cha kutafuta lithiamu. Ndani hamna unga huu wa kuchota, kuna vimiminika vinavyowaka na moto usiozimika kirahisi. Mwanafunzi yeyote atakayesikia somo hili asikie na onyo hili.

Myeyuko wa nyuzi zaidi ya 700 ukiguswa na tone la maji hurusha chumvi ya moto usoni. Koleo na vijiti vyote vipashwe joto vikauke kabla ya kuingia kikombeni. Miwani ya kinga ivaliwe muda wote, si wakati wa kumimina tu. Na kwa kweli usimimine kabisa, acha myeyuko ugande ndani ya chombo chake. Oksaidi inayobaki ikikutana na unyevu huwa lithiamu haidroksaidi, ambayo huunguza ngozi na macho kama sodiamu haidroksaidi ifanyavyo.

Chombo: hapa ndipo jaribio linapofia

Kioo sahau. Bomba la kioo cha kawaida hulegea kabla au karibu na chumvi kuyeyuka, na hata kioo kigumu cha maabara huliwa na myeyuko.

Kikombe cha kauri kina silika na alumina. Silika hufanya hivi: Li2CO3 + SiO2 → Li2SiO3 + CO2. Angalia upande wa kulia: hewa ya ukaa ileile, mapovu yaleyale, na maji ya chokaa, tunayotumia kuitambua hewa ya ukaa, yatageuka meupe vilevile. Mwanafunzi hana namna ya kutofautisha kwa macho. Zaidi ya hapo, myeyuko ukiganda hushika kuta na kikombe hupasuka, kwa hiyo umepoteza ukweli na kikombe kwa pamoja.

Grafaiti huungua hewani, na kaboni yake huingilia jaribio, jambo nitakalolieleza mbele. Platinamu, ambayo wengi wanaiona salama kwa kila kitu, hushambuliwa na oksaidi ya lithiamu ikiwa kuna hewa na joto kali.

Kwa shule, pendekezo langu ni kikombe kidogo cha nikeli chenye mfuniko. Kikikosekana, kikombe kidogo cha chuma cha pua kisichopakwa rangi wala zinki kinatosha kwa hatua ya kuyeyusha, lakini matokeo yake ya uzito yachukuliwe kwa tahadhari, kwa sababu kutu ya chuma nayo huungana na lithiamu na kutoa hewa ya ukaa. Chombo kisichoguswa kabisa na myeyuko huu hakipo mikononi mwetu. Tunachoweza ni kuchagua kinachoguswa polepole na kukipima.

Kila kikombe kiwe na shahidi wake: kikombe kingine cha aina ileile, kitupu, kinachokaa motoni kando ya chenye chumvi kwa muda uleule. Nikeli na chuma hupata uzito kidogo vinapoungana na oksijeni. Ongezeko la shahidi ndilo utakaloondoa kwenye hesabu ya kikombe chenye chumvi. Bila shahidi, hasara ya kweli hufichwa na ongezeko la chuma, nawe utaandika kwamba hakuna kilichotokea.

Ngazi ya joto bila kipimajoto

Kipimajoto cha nyaya mbili kinachosoma hadi nyuzi 1200 ni kizuri ukikipata. Kisipokuwepo, tunatumia vitu vinavyoyeyuka kwenye nyuzi zinazojulikana, tukiviweka kwenye vikombe vidogo kando ya sampuli: kipande cha waya wa aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, chumvi ya mezani kwenye 801, sodiamu kaboneti safi kwenye 851, waya wa shaba karibu 1085. Lithiamu kaboneti yenyewe, kwa 723 zake, inakaa kati ya aluminiamu na chumvi. Ngazi hii inatosha kabisa.

Na chumvi tunayo. Uvinza iko ndani ya mkoa wetu, na maji yake ya chumvi yamechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Chukua chumvi ya Uvinza, isage, ikaushe kwanza kwenye moto mdogo ikiwa imefunikwa, maana punje zenye unyevu ndani hupasuka-pasuka na kuruka. Ikishanyamaza, iweke kwenye kikombe chake. Isichanganyike hata kidogo na lithiamu kaboneti, kwa sababu mchanganyiko wa chumvi mbili huyeyuka mapema kuliko kila moja peke yake na ngazi yako itakudanganya. Aluminiamu nayo isigusane na kikombe cha nikeli, iwekwe juu ya kigae.

Magadi ya dukani yasitumike badala ya sodiamu kaboneti safi. Yana maji na baikaboneti ndani yake, tena na uchafu.

Jaribio la kwanza: kuyeyusha bila kuvunja

Kausha lithiamu kaboneti kama gramu 5 kwenye nyuzi 110 hadi 150 kwa saa moja, iache ipoe kwenye chombo kilichofungwa. Haivuti unyevu sana, lakini gramu mbili za sampuli haziwezi kuvumilia hata unyevu mdogo.

Pasha vikombe viwili vitupu mpaka viwe vyekundu, poza, pima. Rudia mpaka uzito utulie. Weka gramu 2.00 kwenye kimoja. Funika.

Moto wa gesi wa maabara unaweza kufikisha kikombe chembamba cha nikeli kwenye nyuzi za kuyeyusha ukikikinga na upepo kwa matofali. Upepo wa ziwani wakati wa alasiri unaiba joto kuliko unavyodhani, kwa hiyo fanya asubuhi au funga madirisha ya upande mmoja tu, hewa izidi kupita. Joto likishindikana, mwendee mhunzi. Vikombe vikae juu ya kigae ndani ya jiko la mkaa, vikiwa na mifuniko, na mkaa usiguse mdomo wa kikombe. Mhunzi apulize taratibu. Unataka rangi nyekundu ya wastani, aluminiamu ikiwa imelegea na chumvi ya Uvinza ikiwa bado punje. Hapo uko kati ya nyuzi 660 na 801.

Shikilia hapo. Kila baada ya dakika kadhaa inua mfuniko kwa koleo utazame. Unga kwanza husinyaa na kujitenga na kuta, halafu kingo zake hulowa, kisha ghafla unakuwa kimiminika cheupe angavu kama maji. Ondoa motoni baada ya myeyuko kutulia, poza, pima vikombe vyote viwili.

Ukiondoa ongezeko la shahidi utakuta hasara ni ndogo sana ukilinganisha na gramu 1.19 zilizowezekana. Kipande kilichoganda ukikidondoshea tindikali ya haidrokloriki kinatoa mapovu kwa nguvu: bado ni kaboneti. Imeyeyuka, haijavunjika. Hili peke yake linatosha kipindi kizima, na mimi nisingeongeza lingine siku hiyo.

Jaribio la pili: mchanga wa ufukweni

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linamaliza ubishi wa kikombe cha kauri.

Chota mchanga mweupe wa ufukweni, ambao kwa sehemu kubwa ni silika. Uoshe kwa tindikali ya haidrokloriki mpaka mapovu yaishe, kwa kuwa umejaa vipande vya makombe ya konokono, na makombe ni kalsiamu kaboneti inayotoa hewa ya ukaa yake yenyewe. Suuza, kausha, saga uwe unga laini. Changanya gramu 2.00 za lithiamu kaboneti na gramu 1.63 za unga wa mchanga, ambao ni moli moja kwa moja. Weka kwenye kikombe cha nikeli, na kando yake kikombe kingine chenye gramu 2.00 za lithiamu kaboneti tupu, pamoja na shahidi. Vyote vitatu vikae pamoja kwenye nyuzi zilezile za jaribio la kwanza, muda uleule.

Kikombe cha mchanga kitapoteza uzito mwingi, kikielekea gramu 1.19. Kikombe cha chumvi tupu kitapoteza kidogo. Moto ni mmoja, muda ni mmoja, chumvi ni moja. Kilichotofautiana ni silika. Waulize wanafunzi kikombe cha kauri kimetengenezwa kwa nini, kisha nyamaza uwaache wafike wenyewe.

Jaribio la tatu: kuivunja kweli

Sasa tunataka oksaidi. Kuna njia mbili, kupandisha joto au kuondoa hewa ya ukaa, na ukiziunganisha ni bora zaidi. Pandisha jiko la mhunzi mpaka chumvi ya Uvinza iyeyuke, kisha sodiamu kaboneti, lakini waya wa shaba ubaki mzima. Hapo uko kati ya nyuzi 851 na 1085. Usiende juu zaidi: nikeli hutoa magamba, na kupima kunapoteza maana.

Jiko la mkaa lina shida yake: hewa inayozunguka kikombe imejaa hewa ya ukaa, na hiyo inarudisha mlingano nyuma. Elekeza ndani ya kikombe hewa safi kwa bomba jembamba la nikeli au la chuma cha pua, ikisukumwa na pampu ndogo kupitia chupa yenye sodiamu haidroksaidi inayonyonya hewa ya ukaa, kisha kichujio cha pamba. Mkondo uwe mpole, usirushe myeyuko. Fanya jaribio hilohilo mara mbili, moja na mkondo na moja bila mkondo. Tofauti ya uzito kati yake ndiyo somo la msawazo lililo hai kuliko lolote nililowahi kufundisha.

Kipande cha mkaa kisianguke ndani. Li2CO3 + C → Li2O + 2CO hutokea kwenye joto la chini kuliko kuvunjika kwenyewe, matokeo yanaharibika, na gesi ya kaboni monoksaidi inaua bila harufu. Kazi hii ya jiko ifanyike nje, chini ya paa lisilo na kuta.

Hasara uliyoipima inaweza kuwa hewa ya ukaa, na inaweza kuwa chumvi iliyoruka. Titresheni, yaani kupima kiasi cha alikali kwa tindikali ya nguvu inayojulikana, ndiyo inayoamua. Kaboneti na oksaidi zote mbili hunyonya moli mbili za tindikali kwa kila moli, kwa hiyo jumla ya alikali haibadiliki hata kaboneti yote ikivunjika. Gramu 2.00 za mwanzo zinahitaji sentimita za ujazo 54.1 za tindikali ya haidrokloriki ya moli 1.00 kwa lita. Mumunyisha mabaki yote kwenye tindikali ya kiasi unachokijua na kinachozidi mahitaji, kisha pima iliyobaki kwa sodiamu haidroksaidi; tofauti ndiyo tindikali iliyonyonywa. Ukipata karibu na 54, lithiamu yako yote ipo na hasara ilikuwa hewa ya ukaa. Ukipata pungufu kubwa, kuna kilichomwagika, kilichoruka au kilichozama kwenye kikombe.

Pima mabaki yakiwa bado ya moto kiasi, au yapoze kwenye chombo kilichofungwa vizuri. Oksaidi ikiachwa wazi kwenye hewa yetu yenye unyevu hunyonya maji, kisha hunyonya hewa ya ukaa, na kesho asubuhi umerudi ulikoanzia. Tabia hiyohiyo ya lithiamu haidroksaidi kunyonya hewa ya ukaa ndiyo iliyotumika kusafisha hewa ya wanaanga wa Apollo 13 mwaka 1970.

Nyongeza kwa walio na gesi tu

Asiye na mhunzi achukue gramu 0.93 za lithiamu kaboneti na gramu 1.07 za potasiamu kaboneti kavu, azisage pamoja. Mchanganyiko huo huyeyuka karibu nyuzi 488, chini kabisa ya kila moja peke yake, na moto wa gesi unaufikia bila taabu. Ukiongeza ya sodiamu kwa uwiano unaofaa unashuka hadi karibu 397. Myeyuko wa aina hii ndio unaobeba chaji ndani ya seli za fueli za kaboneti, yaani vifaa vinavyozalisha umeme moja kwa moja kutoka kwenye fueli, zinazofanya kazi karibu nyuzi 650.

Kusafisha

Watu huosha vikombe hivi kwa maji ya moto, nayo chumvi inakataa kutoka. Lithiamu kaboneti humumunyika zaidi kwenye maji ya baridi: kama gramu 1.33 kwa sentimita 100 za ujazo kwenye nyuzi 20, lakini gramu 0.72 tu kwenye maji yanayochemka. Viwanda vinavyotengeneza chumvi hii hutumia tabia hiyo, huiangusha kutoka kwenye maji ya moto kwa kutumia sodiamu kaboneti. Wewe loweka kikombe chenye gramu 2 kwenye maji baridi sentimita za ujazo 150 au zaidi usiku kucha, na kilichoganda kabisa kimalizie kwa tindikali dhaifu. Maji yote ya kuoshea yakusanywe, yasawazishwe kwa tindikali mpaka karatasi ya kiashiria ionyeshe hali ya kati, si tindikali wala alikali, yaachwe yakauke kwenye beseni, na chumvi inayobaki ifungwe, iandikwe jina, itunzwe na taka za kemikali za maabara. Isimwagwe kwenye mfereji, kwa sababu mifereji yetu inaishia ziwani.